Fundi Aliyekilaumu Kitanda

Karakana, tarehe 9 Februari

Binamu yangu Wembe,

Hujambo wewe na nyumba yako? Sisi huku wazima, ukiacha vile viungo ambavyo umri umeanza kuvigusagusa. Shemeji yako Mwalimu anakusalimu. Yuko mezani anasahihisha daftari za hesabu, na kila akikuta jibu la ajabu huguna kama mtu aliyeumwa na jino. Binti yetu mkubwa amemaliza chuo na sasa anapima viwanja vya watu, kofia ngumu kichwani. Juzi nilipita karibu na kazini kwake nikasimama ng'ambo ya barabara kumtazama, mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Yule mwenye kofia ya njano ni wangu." Akasema, "Hongera, mzee. Lakini sogea."

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Unajua mashine za kupasulia mbao zimeniziba masikio. Nikiongea kwenye simu, mtaa mzima huitika. Na nyumba ni ileile, sebule na jikoni zinagawana ukuta mmoja. Karatasi haipigi kelele.

Kazi inakwenda vizuri. Nimetoa vitanda vya nyumba ya wageni mpya iliyofunguliwa karibu na stendi, vyote vya mninga, vyote bila msumari hata mmoja unaoonekana. Tangu nishike randa hakuna kitanda changu kilichorudishwa karakana kwa kuvunjika. Wewe mtani wangu unaniita majina mengi, lakini Fundi Kitanda ndilo lililoandikwa juu ya mlango.

Basi nije kwenye shabaha. Nimekibomoa kitanda changu mwenyewe. Kwa muda sasa naona kina kasoro. Mwanzo nilidhani ni matendegu. Miguu ya kitanda ikiwa mirefu, mtu hupanda amechoka tayari. Nikayakata. Halafu nikaona kinalia, nikabadilisha chaga zote, zile mbao zinazobeba godoro. Mwisho nikasema labda ni nafasi, maana mtu hawezi kutulia akibanwa. Nikakipanua, godoro likashonwa upya. Sasa ni kipana kiasi kwamba ukitaka kumwamsha wa upande wa pili inabidi utume mjumbe. Mwalimu alisimama mlangoni akakitazama kitambo. Akasema, "Kikubwa." Hilo tu. Nilitegemea zaidi.

Bado sijaridhika nacho. Kwa sasa nalala kwenye kochi la sebuleni, kwa ajili ya mgongo. Ndiyo nataka nikuulize wewe uliye na kitanda nilichokutengenezea ulipooa: kina kimo gani kutoka sakafuni? Na je, kwa umri wetu huu, umewahi kuona kitanda kinamchosha mtu, yaani akikiona tu anakuwa kama mgeni? Kipime ukipata nafasi.

Mimi binamu yako, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi,
Fundi

Saluni, tarehe 2 Machi

Fundi wa mataifa,

Barua yako nimeisoma siku ya mapumziko, nimekaa kwenye kiti cha wateja, nikijiona kwenye vioo vitatu jinsi ninavyocheka. Sisi wazima. Shemeji yako anaendelea na duka lake la vitambaa, na wateja wanampenda kuliko wanavyompenda mumewe. Mwanetu wa mwisho ameingia timu ya kuogelea ya shule. Mimi ninayeogopa hata beseni nimekaa kando ya maji nikipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Wiki iliyopita nilimnyoa meya. Kichwa chake ni cha kawaida tu, lakini shingo nilivyoitengeneza, hata wapinzani wake wamesifu.

Mpe hongera binti yetu. Ukienda tena kumtazama, vaa kofia ngumu na wewe, mlinzi atadhani ni kazini kwako.

Kitanda nimekipima. Shemeji yako alinikuta nimepiga magoti na futi kamba akauliza kama nakitafutia mnunuzi. Ni kimo kilekile ulichokiacha. Hakilii, hakichoshi. Kwa hiyo nakwambia kama mtani, na kama mtu anayekupenda: kitanda hakina kosa. Mmemkamata asiyehusika.

Usinikunjie uso. Mimi hushinda nyuma ya vichwa vya wanaume. Mwanaume hawezi kumwambia daktari, hawezi kumwambia mkewe, ila ukimfunga kitambaa shingoni na wembe uko karibu na sikio, husema. Wengi wa rika letu wana hilohilo lako: jogoo yupo, mbawa zipo, ila kuwika ndiyo kazi. Mmoja huilaumu kazi, mwingine humlaumu mke, wa tatu hudai amelogwa na jirani. Aliyekilaumu kitanda mpaka akakivunja ni wewe peke yako, na heshima yake nakupa.

Sasa nijibu kiume, nikimaanisha kwa ukweli. Bado unawasha sigara kwa kitako cha nyingine? Bado unakula nyama ya mafuta kwa yule jirani wa karakana na kuisindikiza kwa soda? Bado unafunga kazi saa ambayo walinzi wameanza kukoroma? Mara ya mwisho kutembea ulienda wapi, ukiacha kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kochi? Presha umepima lini? Sukari? Na Mwalimu unamwambia nini?

Jambo hilo ni la damu, binamu. Damu isipopita vizuri, hakuna tendegu litakalosimama. Nenda hospitali kwa watu waliosomea. Mimi siku hizi naja kazini kwa baiskeli, kwa ajili ya foleni za magari, na tumbo limerudi lilikotoka bila mimi kulifukuza.

Anayekunyoa kwa mbali,
Wembe

Saluni, tarehe 20 Aprili

Fundi,

Salamu. Sisi wazima. Mwezi na zaidi umepita na sijaona mwandiko wako, nami najua posta haijafungwa kwa sababu barua za kodi zinanifikia bila taabu. Ama umekasirika, ama unapima kitanda cha mtu mwingine. Ukiwa umekasirika, nitukane kwa maandishi, nitafurahi kujua uko hai.

Kama nilikuwa mkali, ni kazi yangu; kisu butu ndicho kinachoumiza. Ila swali la mwisho nalirudia: Mwalimu unamwambia nini?

Wembe

Karakana, tarehe 6 Mei

Binamu,

Sisi wazima. Mvua imenyesha. Mbao zimelowa.

Barua zako mbili nimezipata. Nashukuru kwa kimo cha kitanda, ndicho nilichoomba. Mengine sikuyaomba. Sijakuletea kichwa changu unyoe. Mimi ni mzima kama mninga. Jana nilibeba gogo kutoka kwenye gari mpaka kwenye mashine, peke yangu. Ilibidi nikae kidogo baadaye, nivute hewa. Lakini nililibeba.

Kuna habari nyingine. Mkuu wa shule ya Mwalimu alikuja kuagiza madawati. Alipokuwa anaondoka akasema, "Tutamkosa sana mama." Nikamuuliza mama yupi. Akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari. "Nilidhani mmepanga wote, fundi." Kumbe Mwalimu ameomba uhamisho, aende kufundisha kule mjini kwa dada yake. Jibu litatoka shule zikifungwa, mwezi wa nane.

Yeye hajaniambia. Mimi sijamuuliza. Tunaulizana kama chumvi imeisha.

Nadhani anafikiri nina mwanamke nje. Namwona akinusa mashati yangu kabla ya kuyafua. Anachokipata humo ni vanishi. Na mimi nikiwa na mwanamke nje, binamu, si ndipo ingekuwa aibu mara mbili? Sijui hiyo sentensi nimeiandikaje, lakini ni ya wino, siwezi kuipiga msasa.

Usihangaike. Pale stendi kuna kibanda cha mtu anayeuza unga wa kurudisha mambo. Anasema ni mizizi mitupu, na wanaume wazima na heshima zao wanapanga foleni wakijifanya wanasubiri gari. Nimechukua. Mambo yakirudi, hakutakuwa na haja ya maneno. Fundi hutengeneza, haongei.

Fundi

Saluni, tarehe 21 Mei

Ndugu yangu,

Leo sitanii, kwa hiyo soma taratibu.

Huo unga usiuguse. Aliyekwambia ni mizizi mitupu hajui yeye mwenyewe kilichomo. Wengine husaga vidonge vya hospitali wakachanganya na chochote, bila kipimo, na mtu mwenye presha asiyoijua anaweza kulala asiamke. Hapa saluni kuna kiti ambacho mteja wake hakurudi tena. Sina la kuongeza hapo.

Dawa za hakika zipo, na daktari ndiye anayejua nani apewe na nani asipewe. Lakini atakuanzia pale nilipokuanzia mimi: sigara, tumbo, usingizi, miguu.

Kuhusu Mwalimu. Wewe unaogopa akijua atakudharau. Fikiria upande wake. Mumewe ameikimbia shuka, amehamia kwenye kochi, amejenga kitanda chenye mipaka kama nchi mbili, na mdomo ameufunga kwa gundi. Wewe ungekuwa yeye ungefikiri nini? Mimi ningeomba uhamisho wa mbali zaidi.

Mficha uchi hazai, na mficha maradhi unajua kinachomuumbua. Mwambie, kabla hajapewa jibu.

Umeniuliza zamani kimo cha kitanda. Leo nimekuandikia kimo cha mapenzi yangu kwako, na sitarudia, kwa sababu wateja wanaona machozi wanadhani ni nywele zimeniingia machoni.

Wembe

Nyumbani, tarehe 18 Juni

Wembe, binamu yangu,

Uone nimeandika "Nyumbani". Karakana imefungwa wiki hii, kwa amri.

Barua yako ilichelewa. Siku inafika, unga nilikuwa nimekwisha kuulamba. Asubuhi yake nilikuwa kwenye mashine, moyo ukaanza kukimbia kama randa ya umeme iliyoachiwa bila mbao. Kifua kikabana. Nikashika ubao niliokuwa naupasua, na nakumbuka nikijiambia, usidondokee upande wa msumeno. Nikadondokea kwenye maranda. Fundi mwenzangu akanipakia kwenye gari la kubebea makabati, nimelala kati ya makabati mawili kama sahani.

Mwalimu alikuja hospitali moja kwa moja kutoka darasani, chaki mikononi. Alikaa kando yangu ameshika viatu vyangu mapajani. Daktari ni binti, umri wa binti yetu, sauti ya upole ambayo huwezi kuidanganya kwa raha.

"Baba, unavuta?"

"Kidogo."

"Pakiti," akasema Mwalimu, bila kunitazama.

"Presha iko juu sana. Umewahi kutumia dawa?"

"Hajawahi kuniambia kama anaumwa," akasema Mwalimu.

Daktari akachukua kidonge, akasema ni cha kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua. Halafu akakizuia mkononi. "Baba, nikuulize kitu, na tafadhali nijibu. Kuna dawa yoyote ya nguvu za kiume umetumia, jana au leo? Hii na zile hazikai mwili mmoja. Ukinificha, mimi ndiye nitakayekuua."

Binamu, nimekaa na tindo, msumeno na moto wa gundi maisha yangu yote, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa lile swali. Sikuogopa kidonge. Niliviogopa vile viatu vyangu mapajani mwa Mwalimu. Nilitamani daktari amtume nje kununua maji. Nikamwona ameangalia chaki vidoleni mwake, anasubiri kama anavyomsubiri mtoto aliye ubaoni.

Nikasema. "Nimelamba unga wa stendi. Kwa sababu mambo hayaendi. Tangu mwaka jana hayaendi."

Daktari akakirudisha kidonge kwenye kopo, akaandika dawa nyingine, akatoka kuifuata. Tukabaki wawili. Mwalimu akaviweka viatu sakafuni, kimoja kimoja, akavinyoosha.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke," akasema.

"Hakuna. Kuna unga tu."

"Na kitanda?"

"Nilidhani kina kasoro."

Akanitazama. "Mimi nilidhani umekipanua ili usiniguse."

Fundi mzima, sikuwahi kukitazama kile kitanda kutoka upande wake. Akainama akaweka kichwa kwenye mkono wangu usio na sindano, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa analia kweli, lakini katikati yake akawa anacheka, na kila nikimuuliza anasema, "Umekata na matendegu, baba wee, ukakata na matendegu."

Barua yako ya tarehe ishirini na moja aliniletea mwenyewe hospitali, haijafunguliwa. Hafungui kitu chenye jina la mtu. Ninaringa naye kwa hilo.

Daktari aliporudi alinieleza kwa utaratibu. Kasema mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana kule huanza kulalamika mapema. Kasema, "Hiyo haikuwa aibu, baba. Ilikuwa kengele, na wewe ukaizima kwa randa." Nimepewa dawa ya presha. Sukari iko mpakani. Nimeambiwa sigara hapana, chumvi na mafuta kwa adabu, soda niwaachie watoto wa watu, nilale mapema, nitembee kila siku mpaka jasho linijue. Hayo yakishika, ndipo tutazungumza kama nahitaji dawa ya lile jambo lenyewe, na ataitoa yeye, si kibanda.

Ni maneno yako yaleyale, Wembe, karibu kwa mpangilio uleule. Ndipo najiuliza: wewe kinyozi umeyajuaje hivyo?

Kuhusu uhamisho hajasema neno. Nami sijathubutu kuuliza. Kitanda kile cha hospitali kilikuwa cha chuma. Hata nilipokuwa hoi nilikikagua, na viungo vyake ni vibovu.

Fundi, aliyelala chini akaona mengi

Saluni, tarehe 9 Julai

Fundi uliyefufuka kwenye maranda,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na mara zote pale penye viatu nasimama. Umefanya jambo ambalo wanaume wanaokaa kwenye kiti changu hulizunguka miaka. Kusema mbele ya mkeo, mchana, kitandani mwa hospitali, huku daktari umri wa mwanao anaandika. Nimejivunia wewe mpaka nimemnyoa mteja mmoja bure bila kumweleza sababu. Shemeji yako nimemwambia tu kwamba umeanguka na umeinuka. Yupo salama, duka linakwenda, mwogeleaji wetu ameleta medali na analala nayo.

Umeuliza nimeyajuaje. Wateja, binamu, wateja. Kinyozi ana masikio mengi.

Sasa sikiliza. Sigara itakutesa wiki za mwanzo, utagombana mpaka na kivuli chako. Tafuta kitu cha kuweka mdomoni. Miguu utaizoea. Ukiwa na mtu wa kutembea naye, hutaona umbali. Lile lenyewe litarudi polepole kama mgeni mwenye aibu, siku moja litabisha hodi na siku ya pili lisionekane, kwa hiyo usijifanyie mtihani kila usiku. Mlale chumba kimoja. Mzungumze. Mshikane mikono bila ajenda. Kuna majira utafikiri umepona, halafu ukwame, halafu utake kurudi kwenye kochi. Usirudi. Kochi ndilo linaloua, si hilo jingine.

Shemeji yako amepita nyuma yangu akasoma mistari hiyo begani kwangu. Amecheka, amesema nikupe salamu zake za pekee. Sijui kinachomchekesha.

Wembe, na makali yake

Nyumbani, tarehe 3 Oktoba

Wembe wangu,

Leo pokea kwanza salamu za miguu yangu, maana siku hizi ndiyo inayotafuta sifa humu ndani. Mwalimu anakusalimu, hajambo. Binti mkubwa amepewa kikosi chake cha upimaji, wanaume wanne wanamfuata na kamba. Yule mlinzi sasa ananiita Baba Kofia.

Nilipotoka hospitali Mwalimu alisema, "Daktari kasema utembee. Mimi natembea kwenda shule kila asubuhi. Njia ni moja." Basi nikaanza kumsindikiza, nimembebea mfuko wake wa daftari. Siku za mwanzo nilihema kama mvukuto wa mhunzi, yeye akawa anapunguza mwendo akijifanya anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Mshona viatu wa pale kona alipotuona akapaza sauti, "Fundi, umerudi darasa la ngapi?" Nikamjibu, "La kwanza, lakini mwalimu ninaye." Wamezoea sasa. Tusipopita wanauliza.

Sigara imekwisha. Nimetafuna penseli za karakana mpaka dukani wakaniuliza kama nimefungua shule. Nilirudi nyuma mara moja, nyuma ya rundo la mbao, kama mwanafunzi mtoro. Ikanitia kizunguzungu, nikaizima mwenyewe. Mkanda wa suruali nimetoboa tundu jipya, upande wa ndani. Nafunga kazi jua likiwa bado lina nguvu. Mwezi huu daktari alinipima presha akatazama, akapima tena, akanipa mkono. Nilitoka pale nimetunisha kifua, na kifua chenyewe, binamu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kimelitangulia tumbo.

Sasa uhamisho. Nilitembea naye wiki kwa wiki bila kuuliza. Shule zilipokaribia kufungwa, asubuhi moja tulipofika getini nikasema, "Mwalimu, nasikia kule kwa dada yako kuna shule nzuri." Akasimama. "Umejua lini?"

"Mkuu wako alipokuja kuagiza madawati."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Nilikuwa nimekwenda kwenye kochi kabla wewe hujakwenda popote." Halafu nikasema nililolifanyia mazoezi njia nzima: "Ukitaka kwenda kwa ajili ya kazi, nitakutengenezea sanduku la vitabu na nitakusindikiza. Ukienda kwa sababu ulidhani hutakiwi, hapo umekosea hesabu, na wewe hukosei hesabu."

Akachukua mfuko wake. Akasema, "Nisubiri hapa." Akaingia ofisini kwa mkuu. Nimesubiri pale getini na watoto wananipita wakinisalimia shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, nisijue naitikia nini. Alipotoka alisema, "Nimeliondoa ombi. Nenda kazini, unachelewa."

Nilikwenda kazini. Sikufanya kazi.

Ile barua yako ya usijifanyie mtihani nilimsomea. Akasema, "Mwambie Wembe hata mimi sitoi mtihani kabla sijafundisha." Na ilikuwa kama ulivyosema, mgeni mwenye aibu. Kuna siku nilitaka kurudi kwenye kochi. Mwalimu alikuwa amelijaza daftari zote za darasa, kila mto, makusudi. Hapakuwa na pa kukaa.

Kitanda nimekikata. Alishika ncha moja ya futi kamba, nikamuuliza kiwe na upana gani. Alilala, akaniambia nilale, akajisogeza, akaweka kiganja kwenye mbao ubavuni mwangu akasema, "Hapa." Nikachora hapohapo kwa penseli iliyotafunwa. Mbao zilizobaki nimetengeneza benchi, liko mlangoni, tunakalia tukivaa viatu asubuhi.

Jambo dogo kuhusu wewe. Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi. Nimekumbuka ule mwaka ulioacha sigara ghafla bila sababu, ukanunua baiskeli kwa ajili ya foleni, na mji wenu hauna foleni. Sikuulizi. Mpe shemeji salamu zangu za pekee, mwambie nimejua kilichomchekesha, na kwamba popote alipokushika mkono, ameushika na wangu.

Sasa nimalizie kwa aibu ya kazi. Nilikuandikia kwamba hakuna kitanda changu kilichowahi kurudi karakana. Kimerudi kimoja. Chaga ya katikati imevunjika, ya kitanda changu mwenyewe, mbao niliyoichagua kwa mkono, isiyo na fundo. Jumamosi mchana nimeibeba begani kupita mtaa mzima kwenda kuibadilisha, Mwalimu pembeni yangu amekwenda kuniangalia tu, anasema. Mshona viatu akatuona.

"Ee, Fundi Kitanda. Vitu vyako navyo siku hizi vinavunjika?"

"Imechoka," nikamwambia. "Ni ya zamani."

"Mbao," akasema Mwalimu, na hakupunguza mwendo. "Iliyochoka ni mbao tu."

Binamu yako, ninayetembea,
Fundi Kitanda